Karani Aliyesema Ana Nyumba

Mtu aliyetaka kumkasirisha Karani hakuhitaji kumtukana. Ilitosha asimame mlangoni pake na kusema, "Karani, nyumba yangu bati yake imetoboka." Karani angeweka kalamu chini, avue miwani, aseme, "Bati lake limetoboka. Haya, anza upya." Mvua ingekuwa inanyesha na maji yanaingia kitandani kwa mtu, lakini ripoti haikuandikwa mpaka bati limepata haki yake. Sisi wapangaji wa nyumba za kanjo tulijifunza Kiswahili kwa njia hiyo, kwa kuvujiwa.

Kanjo ndilo jina tulilolipa baraza la mji, lile lililokufa serikali za kaunti zilipokuja. Enzi zake lilikuwa limejenga safu nne za nyumba za matofali kando ya barabara ya kwenda Mosocho, chumba kimoja na jiko kila moja, kwa ajili ya wafanyakazi wake: wafagiaji, madereva wa lori la taka, walinzi wa soko. Mama yangu alikuwa mfagiaji. Karani alikuwa karani wa nyumba. Kazi yake ilikuwa kujua nani anakaa wapi, kupokea kodi na malalamiko, na kupeleka vyote viwili ofisini. Alikaa humo humo pamoja nasi, nyumba ya kumi na moja, ukuta mmoja na sisi. Jina lake nalijua lakini silisemi. Hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita Karani.

Alikuwa mtu mfupi wa koti la kijivu na kalamu mbili mfukoni, ya buluu ya kuandikia na nyekundu ya kutusahihishia. Alitembea na mwavuli hata jua likiwaka, kwa kuwa mvua ya kwetu huja saa tisa alasiri kama mtu mwenye ahadi, na Karani hakupenda kukutwa hajajiandaa. Alikuwa Msabato wa kweli. Siku ya Sabato hakushika kalamu hata kama dunia ingeisha. Jumamosi moja bomba la maji machafu lilipasuka nyuma ya safu ya tatu, mama yangu akaenda kumlalamikia, na kwa kuwa alikuwa ameyakanyaga, alilalamika kwa maneno ambayo kanisani hayasemwi. Karani alimsikiliza macho yamefumbwa. Jumapili alfajiri akaandika ripoti yote, neno kwa neno, pamoja na yale matusi, akayatia alama za mtajo. Mama alipomuuliza kwa nini, akasema yeye huandika alivyosikia, na anayetaka kuandikwa vizuri aseme vizuri.

Lakini asikudanganye mtu kwamba alikuwa mnyoofu kama rula. Kanuni za kanjo zilikataza mifugo, na kwa kanuni hiyo alimfukuza dereva mmoja aliyefuga nguruwe. Yeye mwenyewe alikuwa na kuku watano waliolala jikoni kwake. Nilipokuwa msichana nilimuuliza imekuwaje. "Kuku si mfugo," akasema bila kutabasamu. "Kuku ni mgeni. Anakuja, anakaa, siku moja analiwa." Nikamwambia mgeni haliwi. Akaniambia sijasafiri.

Pia aliwadharau watu wa Nyamira, akisema huko wanazungumza kama wana moto mdomoni, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Ekerenyo, Nyamira hasa, kaskazini kabisa kwenye majani chai. Ukimkumbusha, alisema ndiyo maana anajua.

Kila mwaka, kabla ya mvua ya masika, alimwandikia karani mkuu wa mji barua kuhusu paa zetu. Nimeziona barua hizo, nakala zake za kaboni zimejaa sanduku la bati. Zilikuwa na adabu ya ajabu. Zilianza kwa kuuliza hali na kumalizika kwa "wako mtiifu," na katikati zilisema watoto wanalala wamelowa. Jibu halikuja hata mara moja. Kodi yetu ilipanda kilima kwenda ofisini kila mwezi, na hakuna kilichoteremka, si rangi, si msumari. Nilimwambia siku moja kwamba anajisumbua. Alinitazama kana kwamba nimemwambia aache kunawa uso. Naamini alijua kwamba hawasomi. Aliandika kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika, na mtu akiacha kazi yake kwa kuwa haina faida, basi karibu wote tungelala.

Mimi ni mshonaji. Niliolewa Nyamira, nikakaa miaka minne, nikarudi kwa mama bila mtoto, na mama alipofariki nikabaki na nyumba yake ya kumi na mbili na cherehani yangu. Karani alinipokea kana kwamba nilikuwa nimekwenda sokoni. Hakuuliza. Alinibadilishia jina katika kitabu cha wapangaji, akaanza kuniita Fundi, na jioni yake akanitumia yai moja la yule mgeni wake.

Jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo mtu wa mbali hataelewa yaliyotupata. Kwetu Gusii mtu hakai mjini, yuko mjini tu. Hata akizaliwa mjini, akapanga miaka arobaini, akazalia na kuzeekea humo, ukimuuliza nyumba yake iko wapi atakuonyesha mlima. Nyumba ni ile iliyo kwenye boma la baba yake. Tena neno lenyewe, enyomba kwa Ekegusii, si kuta peke yake. Ni mama na watoto wake, ni ukoo, ni mahali watakapokulaza ukifa. Mwanamume mzima akisema hana nyumba, hajasema kwamba ni maskini. Maskini tupo wengi na hatuoni haya. Amesema kwamba hakuwa mtu. Waswahili husema soni, na sisi tunayo chinsoni, mama yake soni, ile haya inayokaa kati ya mkwe na mkwe, baba na mwanawe. Kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya mkwewe hata akiwa amewekewa panga shingoni.

Karani alikuwa na nyumba Ekerenyo. Ndivyo tulivyojua. Aliizungumzia mara nyingi, na ilikuwa nyumba nzuri: milango miwili, baraza linalotazama mto, mlango wa nyuma wa kutokea jikoni. Kila Desemba alifunga chumba chake, akabeba mikate miwili na sukari, akaenda. Sisi wengine tulikaa kwetu mpaka shule zifunguliwe. Yeye alirudi siku ya tatu. Tulisema ni kwa sababu ya kuku.

Niliijua kweli mwaka mkewe alipofariki, tulipompeleka kumzika. Nyumba ilikuwapo bado, ya udongo, imeinama upande mmoja, na mlango ulikuwa mmoja. Nilipopita tena huko baada ya miaka michache, nikienda kumpima bibi harusi, haikuwapo. Mvua ilikuwa imeishusha, na mdogo wake alikuwa amepanda mikaratusi mpaka kwenye kaburi la shemeji yake. Shamba ni jembamba, nyie mnajua mashamba yetu, ukitema mate yanaangukia kwa jirani. Kumbe zile siku tatu za Desemba Karani alikuwa akilala jikoni kwa mdogo wake. Sikumwambia kwamba nimeona. Mwaka uliofuata alinisimulia tena habari za baraza linalotazama mto, nami nikamuuliza kama upepo hausumbui.

Kisha zikaja habari za nyumba mpya.

Afisa wa nyumba alituita kwenye ukumbi wa soko. Alikuwa dada mwenye heshima, mwenye sauti laini, na sina ubaya naye mpaka leo, jambo ambalo linaniudhi zaidi. Alieleza kila kitu vizuri. Zile safu nne za kanjo zitabomolewa, na mahali pake yatainuka maghorofa matano ya nyumba za bei nafuu. Kaunti inatoa ardhi. Fedha zinatoka Nairobi, kwenye makato ya mishahara ya watu wote nchini, pamoja na mkopo. Mkandarasi anajenga, na sehemu ya malipo yake ni maduka ya chini, atakayoyauza mwenyewe. Watakaopewa nyumba watalipa kidogo kidogo kila mwezi, kama kodi, mpaka ziwe zao. Na wapangaji wa zamani wa kanjo watafikiriwa kwanza.

Karani akainua mwavuli. "Bei nafuu," akasema. "Naomba kuelezwa hilo neno. Nafuu ni neno la mgonjwa. Hajapona, ila leo amekunywa uji. Je, ndiyo nafuu hiyo?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akasema, "Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Tuanze na uji."

"Vyema. La pili. Hapa kwetu kuna kazi ya ujirani, tunaiita risaga. Leo mnanilimia mimi, kesho tunamlimia yule. Sasa kaunti imeleta shamba, Nairobi imeleta jembe, mkandarasi ameleta mikono. Sisi tumeitwa kulima au kulimwa?"

Ukumbi ulivuma. Mama mmoja muuza ndizi alimshangilia kwa kigelegele. Afisa aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema maoni yamepokelewa. Karani alitoka pale akiwa mrefu kidogo. Njiani aliniambia kwamba mpango ule ni mzuri, kwamba kanjo ilipojenga zile za kwetu ilifanya kwa fedha za soko peke yake, na kwamba sasa angalau kuna wengi wa kubeba mzigo. "Wengi wa kubeba pia ni wengi wa kusema haukuwa wangu," akaongeza, lakini kwa furaha. Alitaka ile nyumba. Aliniambia waziwazi kwamba anataka ghorofa ya chini, kwa ajili ya magoti, na chumba kimoja chenye paa la zege lisilotoboka, azeekee humo. Sijawahi kumsikia akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe, si kabla ya hapo.

Kabla ya kubomoa, walihitaji mtu wa kuandikisha wapangaji. Mtu anayejua kusoma, anayejulikana na wote. Karani akamwambia afisa, "Mchukue Fundi. Nimemfundisha mwenyewe."

Nilipewa fomu na siku tano. Swali la saba lilisema: "Je, unamiliki nyumba popote nchini?" Afisa alituelekeza tuulize kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Nyumba mbili za kwanza nilisoma "unamiliki" nikatazamwa kama mzungu. Kwa hiyo nikaanza kuuliza, "Uko na nyumba?" Na kwa wazee nikauliza kwa Ekegusii, kwa neno lile lile, enyomba.

"Nyumba? Niko nayo!" akasema mlinzi wa soko, ambaye nilijua hana hata mlango. "Iko kwetu, karibu na kanisa. Andika."

"Mimi nikose nyumba, mimi ni mtoto?" akasema dereva wa lori.

"Nyumba yangu iko Kebirigo," akasema mjane wa safu ya pili. "Bwanangu alijenga. Mashemeji wamefungia mahindi ndani, lakini ni yangu."

Nikaandika Ndiyo. Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo. Waliniambia kwa fahari, wengine wakisimama wima, nami niliona raha kuandika jambo linalompa mtu fahari. Lengo la swali sikuliwaza. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Siku ya tatu nilifika nyumba ya kumi na moja. Karani hakuwa peke yake. Kwenye kiti pekee chenye mikono alikuwa ameketi mzee mmoja wa Kebirigo, baba wa mke wa mwanawe aliyeko Nairobi. Alikuja mjini hospitali, akapita kumjulia hali mkwewe. Karani alikuwa amechinja mgeni mmoja. Alikuwa amevaa tai.

Nikasema nitarudi. Karani akasema, "Kazi ya serikali haingoji. Uliza."

Nikauliza jina, umri, idadi ya watu. Nikafika la saba. Ningeweza kusoma kama lilivyoandikwa. Karani ndiye mtu pekee katika safu zote nne aliyejua maana ya kumiliki, hati, namba ya kiwanja na yote. Lakini ulimi ulikuwa umezoea.

"Karani, una nyumba?"

Mkwewe alikuwa akila. Aliacha kutafuna, akainua macho kwa adabu, kama mtu anayesubiri kusikia jibu analolijua.

"Ninayo," Karani akasema. "Iko Ekerenyo. Milango miwili."

Nikaandika Ndiyo. Aliinama akasoma nilichoandika, kwa desturi yake, akatikisa kichwa kukubali.

Fomu yangu mwenyewe niliijaza mwisho, mbele ya wanawake waliokuwa wakiteka maji. Mimi nilirudi kwa mama, sina mume, sina mtoto, kwa hiyo enyomba sina kwa maana yoyote ile, na hakuna asiyejua. Nikaandika Hapana. Muuza ndizi akaniambia, "Fundi, hata kudanganya kidogo umeshindwa?" Tukacheka wote.

Orodha ilibandikwa ukutani kwa ofisi ya mtaa baada ya miezi miwili. Nyumba mpya zilikuwa za watu wasio na nyumba. Wenye Ndiyo kwenye swali la saba walikuwa wamewekwa awamu ya pili, na awamu ya pili haikuwa na kiwanja. Kutoka safu zetu zote nne walikuwa wamepita watu watatu tu: vijana wawili wa kazi za mikono wasio wenyeji wa Gusii, na mimi.

Nilikaa chini palepale kwenye majani. Nilikuwa nimewatoa watu wangu kwa kalamu yangu, mmoja mmoja, huku wakinikaribisha chai.

Nilikwenda kwa afisa siku hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alielewa, hilo ndilo baya, maana naye ni Mgusii na baba yake ana boma. Alifungua kompyuta, akabonyeza, akanigeuzia kioo. "Ona mwenyewe, dada. Hiyo mfumo imekataa. Majina yalienda Nairobi, huku sisi tunaona tu, hatuwezi kugusa." Nikamuuliza Nairobi nimwone nani. Hakujua. Alinipa namba ya simu ambayo iliita mpaka ikachoka.

Nilipomweleza Karani, jambo la kwanza alilosema ni, "Umekataa. Mfumo umekataa." La pili hakulisema.

Afisa hakuacha hivyo hivyo, alitafuta njia. Alisema mtu akileta hati ya kiapo kwa wakili kwamba hana nyumba, ithibitishwe na jamaa wawili wa kwao na chifu wa huko, anaweza kujaribu kuisukuma kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi wa wenzetu waliposikia "jamaa wawili" waliondoka bila neno. Mjane wa safu ya pili alijaribu. Mashemeji walikataa kutia sahihi, kwa kuwa wangekiri walichofanya.

Hati ya Karani nilikwenda kuichapisha mimi mwenyewe. Nikaileta nyumba ya kumi na moja, kilichobaki ni sahihi. Aliisoma mara mbili, akaiweka juu ya meza, akailainisha kwa kiganja.

Nikamwambia lile lililokuwa likininyonga. "Karani, ni mimi. Swali lilisema unamiliki. Mimi ndiye niliyelibadilisha."

"Swali nililielewa," akasema. "Nimekaa na fomu kabla hujazaliwa, Fundi. Ulipofungua mdomo nilijua wanataka nini."

"Mbona basi ukasema vile?"

"Ulimwona nani ameketi pale?"

Nje watu walikuwa wakipakia vitanda kwenye mkokoteni.

"Mkweo hayupo sasa," nikasema. "Sasa ni karatasi tu."

"Karatasi ya kupelekewa mdogo wangu. Nikasimame mlangoni pake, nimwambie, thibitisha kwamba kaka yako hana nyumba. Na yeye ndiye aliyepanda miti." Sauti yake haikupanda. "Halafu nikifa? Mtu asiye na nyumba kwao unajua anavyofanyiwa. Wanakimbia kukata miti, wanasimamisha kibanda cha siku moja kiitwe nyumba yake, maiti iko barabarani inangoja. Mdogo wangu akishatia sahihi hapa, amekwisha kunizika. Kilichobaki ni mimi kulala."

Nilimsihi. Nililia, sioni haya kusema. Nilimwambia paa la zege, nilimwambia magoti. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza mama siku ile ya bomba, kisha akaikunja hati mara nne, akaitia kwenye sanduku pamoja na barua zake. Mwezi ukaisha. Nilikuwa na hasira naye ambayo haikuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu kila nilipotaka kumwambia ni mpumbavu, nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe nimeweza kusema Hapana kwa kuwa sikuwa nimebakiwa na cha kuficha.

Trekta lilikuja wiki moja baada ya watu wa kaunti kupiga alama nyekundu kwenye kuta. Karani alisimamia ubomoaji bila kutumwa, akihesabu safu. Aliwaonyesha mahali bomba lilipopita ili wasilipasue. Kisha fedha za Nairobi zikachelewa, mkandarasi akaondoa vijana wake, na mashimo ya msingi yakakaa misimu miwili ya mvua yakijaa maji na vyura. Tulisema hao ndio wapangaji wa awamu ya pili. Kelele zao zilikuwa kubwa kiasi kwamba wauzaji wa soko walilalamika, na nasikia Karani aliwaandikia barua ya malalamiko hayo.

Yeye alihamia Mosocho, chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Nilimtembelea mara mbili. Kila kitu humo kilikuwa na unga, hata yeye. Hatukuzungumza habari za nyumba. Alinisahihisha nilipokosea, lakini mara nyingine aliacha makosa yangu yapite, nami niliyaona yakipita, nikaumia.

Maghorofa yakaisha hatimaye, nikahamia ghorofa ya tatu. Vyumba viwili, maji ya bomba, paa ambalo silioni kwa kuwa kuna watu juu yangu. Nashona karibu na dirisha. Majirani zangu ni watu wema wa benki na hospitali, wasiojua kwamba pale wanapoegesha magari palikuwa na nyumba ya kumi na moja.

Karani alikuja Jumapili moja ya mwaka huu, mchana, bila kunipigia. Nilimsikia kabla sijamwona, akipumzika kila ngazi. Alikuwa amekonda. Nikamwekea kiti akakataa kwanza kukaa. Alizunguka. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Alifungua mfereji, akaufunga, akaufungua tena. Alisimama dirishani muda mrefu.

"Kazi nzuri," akasema. "Wamejenga."

"Karani, kaa hapa," nikamwambia. Nilikuwa nimelifikiria siku nyingi, likanitoka vibaya. "Chumba cha pili kina vitambaa tu. Nitavitoa leo."

Akatabasamu. "Mzee wa ukoo mwingine, katika nyumba ya mwanamke asiye binti yake. Watu wako wa benki wataniita nani?"

"Wakuite wanavyotaka."

"Hapana, Fundi. Asante." Kisha akakaa, polepole, mikono juu ya magoti. Nilidhani anavuta pumzi tu. "Wale wa fomu," akasema. "Huwa wanarudi?"

Nikasema wakati mwingine. Hawarudi. Orodha ilifungwa zamani, na kiwanja kimekwisha.

"Wakirudi, wakifika kwako," akasema, "waambie yule mzee wa kumi na moja hana nyumba." Mlango ulikuwa wazi na jirani alikuwa akipanda ngazi na mifuko yake, na Karani hakushusha sauti. "Sina nyumba. Ekerenyo hakuna kitu, ni miti. Sina."

Jirani alitusalimu akapita. Karani aliitikia, akanigeukia.

"Sasa nimesema," akasema. "Inatosha?"

Nikamwambia inatosha.